Umwagiliaji wa kujiendesha kwa miti ya vyunguni (bonsai): pima kiu ya mti kwanza, taima baadaye

Somo la leo ni la wale wanaolea bonsai, yaani miti inayofanywa midogo kwa kukatwa matawi na mizizi na kuishi kwenye chungu kifupi. Hapa Dodoma watu wanalea mikwaju, mikuyu, bogenvilia, waridi la jangwani, hata mibuyu. Mti kama huu unaweza kuwa na miaka nane au kumi ya kazi ya mikono yako. Lakini udongo wake ni kiganja tu. Mwezi wa tisa na wa kumi, jua na upepo wa huku kwetu vinaweza kuukausha kwa siku moja. Ukienda msibani siku tano bila mtu wa kumwagilia, unarudi unakuta kuni.

Wengi wanakimbilia kununua taima na mipira. Taima haijui mti una kiu kiasi gani. Inafungua na kufunga tu. Kwa hiyo tuanze na mti wenyewe.

Hatua ya 1: Pima kiu

Mwagilia chungu asubuhi mpaka maji yatoke chini. Subiri nusu saa yachuruzike, kisha weka chungu kwenye mizani. Kesho yake saa ile ile pima tena kabla ya kumwagilia. Gramu 1 iliyopungua ni sawa na mililita 1 ya maji. Mfano: jana kilo 4.2, leo kilo 3.6. Mti huo pamoja na jua vimekunywa mililita 600. Andika. Fanya hivyo siku ya jua kali, siyo siku ya mawingu.

Hatua ya 2: Tenga makundi

Mkwaju, mkuyu, ndimu na bogenvilia weka mstari mmoja. Mbuyu na waridi la jangwani usiwachanganye nao. Hawa huhifadhi maji kwenye shina, na wakipukutisha majani wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba hunywa kidogo sana. Ukiwapa maji kila siku kipindi hicho, shina linaoza kuanzia chini. Kama unasafiri siku kumi kipindi hicho, waache nje ya mashine kabisa.

Hatua ya 3: Pipa lako mwenyewe

Usiunge mfumo moja kwa moja kwenye bomba la mtaani. Siku ya mgao taima itafungua, itatoka hewa. Tumia pipa la lita 200 kwenye stendi imara ya mita moja na nusu, lenye mfuniko ili mbu wasizaliane na ukijani usiote. Hesabu ni rahisi: miti 15 kwa wastani wa mililita 600 ni lita 9 kwa siku. Siku 14 ni lita 126. Pipa linatosha na akiba inabaki.

Hatua ya 4: Taima inayofaa

Pipa la kimo hicho lina msukumo mdogo. Taima nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya bomba lenye presha, na bila presha hazifunguki vizuri. Tafuta ile yenye koki ya gololi inayozungushwa na mota ndogo ya betri. Dukani mwambie muuzaji aifungue, kisha puliza kwa mdomo. Hewa ikipita bila kubanwa, hiyo inafaa. Baada ya pipa weka chujio, halafu taima, halafu mpira mkuu, halafu vimipira vidogo vyenye dripa za kurekebisha kwa mkono.

Hatua ya 5: Dripa mbili kwa kila chungu

Udongo wa bonsai una chenga nyingi. Tone likianguka sehemu moja linashuka wima, upande wa pili wa mizizi unabaki mkavu. Weka dripa mbili, kila moja upande wake.

Sasa weka kopo chini ya dripa kwa dakika 10, upime maji. Usiamini maandishi ya kwenye pakiti, maana msukumo wako ni mdogo. Pima pipa likiwa karibu kuisha, kwa sababu hapo ndipo maji hutoka polepole zaidi. Kama dripa mbili zinatoa mililita 300 kwa dakika 10, mti wa mililita 600 unahitaji dakika 20. Pipa likijaa zitatoka zaidi kidogo, na ziada itapita chini ya chungu.

Hatua ya 6: Saa

Hapa kuwa makini. Taima husoma saa za kizungu. Saa 12 asubuhi yetu ni 06:00 kwake. Ukiandika 12:00 unamwagilia mchana wa jua kali. Weka 06:00, na wakati wa joto kali gawa dozi mara mbili: 06:00 na 18:00.

Chumvi

Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi. Ukiona ukungu mweupe kwenye ukingo wa chungu au kwenye dripa, ndiyo hiyo. Mara moja kwa mwezi mwagilia kwa mkono maji mengi yapite hadi chini, ikiwezekana ya mvua uliyokinga. Dripa zilizoziba ziloweke kwenye siki usiku mmoja, kisha zisuuze.

Kabla ya kusafiri

Washa mfumo siku saba ukiwa bado nyumbani. Usishike ndoo. Kila asubuhi nyanyua chungu kimoja kimoja uone uzito. Kilicho chepesi, ongeza dripa. Kinachonata matope, punguza. Weka betri mpya, na mwachie jirani kazi moja tu: apite saa moja asubuhi aangalie kama udongo umelowa. Usipopata siku saba hizo, ahirisha mashine na umwombe jirani huyo huyo amwagilie kwa kopo. Mashine ambayo haijajaribiwa ni hatari kuliko kukosa mashine.

Anza na chungu kimoja wiki hii, kile unachokipenda zaidi. Kipime tu.