Somo la Kikundi: Kuthibitisha Jambo Bila Kuanika Siri



Somo la leo linahusu jambo linalosumbua vikundi vingi, hasa tangu fomu zihamie kwenye simu na intaneti. Kila mahali tunaambiwa: leta nakala ya kitambulisho, leta namba ya simu, leta majina ya wadhamini, leta orodha ya memba wote. Nasi kwa kuwa tunahitaji mkopo au msaada, tunatoa yote. Tunadhani mtu hawezi kutuamini mpaka tumfungulie kila sanduku la nyumba. Je, ni kweli? Hapana. Yawezekana mtu akuamini kabisa na bado asijue siri yako. Tuone inavyowezekana.

1. Mambo mawili tunayoyachanganya

Kuthibitisha ni jambo moja, kufichua ni jambo lingine. Sisi Wakatoliki tunaijua tofauti hii zamani. Kijana akitaka kufunga ndoa katika parokia nyingine, padri wake anaandika hati kwamba amebatizwa na hana kizuizi cha ndoa. Padri wa kule anapata analohitaji. Haambiwi kijana aliwahi kugombana na nani, wala alitubu nini. Hati inasema neno moja tu, na hilo neno linatosha.

Lakini kwenye mashine mambo yamekuwa kinyume. Ukitaka kuthibitisha kwamba unajua neno la siri, njia ya kawaida ni kuliandika na kulituma. Sasa likishafika upande wa pili, halikai tena kwako peke yako. Kama pale kuna mwizi, au mtandao ni wa bandia, amelipata. Yaani umethibitisha siri kwa kuipoteza. Wazee walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Kata zikiwa nyingi, mtungi hauna siri.

2. Waliotatua fumbo hili

Mwaka 1985 wataalamu watatu wa hesabu za kompyuta, Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff, waliandika kwamba kuna njia ya mtu kuthibitisha jambo bila kutoa habari nyingine yoyote zaidi ya kwamba jambo hilo ni kweli. Njia hiyo inaitwa uthibitisho wa maarifa sifuri. Sifuri hapa maana yake ni kwamba anayekagua haongezi chochote katika ujuzi wake, ila kusadiki tu. Bibi Goldwasser na Bwana Micali walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2012, ambayo ndiyo tuzo kubwa kabisa ya sayansi ya kompyuta, kwa kazi zao za kulinda siri kwa njia ya hesabu.

Hesabu zenyewe ni ngumu, lakini wazo lake hata mtoto wa shule ya msingi atalielewa. Tucheze.

3. Mchezo wa vifuniko

Tafuteni vifuniko viwili vya chupa za plastiki vinavyolingana kabisa kwa ukubwa na umbo, kimoja chekundu na kingine cha kijani. Mmoja wenu afungwe leso machoni. Huyu ndiye mkaguzi. Kwa vidole vyake vifuniko ni sawasawa, kwa hiyo haamini kwamba vina rangi tofauti. Mwingine, mwenye macho wazi, anataka kumthibitishia kwamba ni tofauti, lakini bila kumwambia kipi ni chekundu. Wengine wote wanyamaze, wasitaje rangi.

Mkaguzi ashike kifuniko kimoja kila mkono na kuonyesha. Kisha apeleke mikono nyuma ya mgongo. Huko akipenda avibadilishe, akipenda aviache vilivyo, bila mtu kuona. Atoe mikono mbele tena na kuuliza, "Nimebadilisha au sijabadilisha?" Mwenye macho ajibu.

Kama vifuniko kweli vina rangi tofauti, mwenye macho atajibu sawa kila mara. Kama anadanganya na rangi ni moja, itambidi abahatishe. Mara moja anaweza kubahatisha sawa, hata mara mbili. Lakini kubahatisha sawa mara 10 mfululizo ni bahati ya mtu mmoja kati ya 1,024. Mara 20 mfululizo ni bahati ya mmoja kati ya zaidi ya milioni moja. Basi mkaguzi anasadiki.

Sasa mwulizeni, kabla hajafunguliwa leso: kifuniko chekundu kiko mkono gani? Hajui! Ameamini kabisa kwamba rangi ni tofauti, na bado siri ya rangi hana. Wala hawezi kwenda kuiuza kwa mtu mwingine, kwa sababu hakupewa.

Katika mchezo huu mna mambo matatu. Msema kweli anaaminika. Mwongo anakamatwa. Na hakuna kinachovuja zaidi ya lile lililoulizwa. Likikosekana moja kati ya hayo, si uthibitisho wa maarifa sifuri.

4. Kwenye simu na kompyuta

Mashine inafanya mchezo huo huo, ila badala ya vifuniko inatumia namba kubwa sana, na maswali mengi yanamalizika kufumba na kufumbua. Chukueni mfano wa umri. Mahali fulani panataka kujua kama umetimiza miaka 18. Ukitoa kitambulisho, umetoa pia jina, namba, tarehe ya kuzaliwa na mahali ulikozaliwa. Swali lilikuwa moja, majibu yamekuwa matano. Mwaka 2025 kampuni ya Google ilitangaza kwamba inaingiza njia hii katika pochi yake ya simu, ili mtu athibitishe umri bila kujitambulisha yeye ni nani. Kabla ya hapo, mwaka 2016, ilianzishwa pesa ya kidijitali iitwayo Zcash, ambayo mtu anaweza kuituma na mtandao ukahakikisha kwamba malipo ni halali bila kuona aliyetuma, aliyepokea, wala kiasi.

5. Kufuli nzuri peke yake haitoshi

Hapa ni lazima tuseme wazi, maana tusije tukadanganywa na maneno makubwa. Mwaka 2023 watu wengi walipanga foleni Nairobi, hata pale KICC, ili mashine ya mradi wa Worldcoin ipige picha ya mboni za macho yao. Walipewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Wenye mradi walieleza kwamba baadaye mtu angethibitisha yeye ni binadamu halisi bila kutaja jina, kwa kutumia uthibitisho huu huu wa maarifa sifuri.

Serikali ilisimamisha kazi hiyo Agosti 2023. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru picha na habari hizo za miili ya Wakenya zifutwe kwa siku 7, kwa sababu zilikusanywa bila kufuata sheria. Idhini ya mtu aliyevutwa kwa zawadi haikuhesabiwa kuwa idhini.

Tunajifunza nini? Hesabu inalinda siri pale inapothibitishwa. Haijui siri ilichukuliwaje mwanzoni, wala kama aliyeitoa alielewa. Ni kama ghala yenye kufuli imara: kufuli haikuambii mahindi yaliyo ndani yaliingia kwa haki au kwa hila.

6. Sisi vikundi tufanye nini?

Wengi wetu hatuna programu hizo, lakini kanuni yake tunaweza kuifuata leo kwa kalamu na karatasi: toa lililoulizwa, usitoe zaidi.

Tuseme kikundi cha wanaoishi na virusi vya Ukimwi kinaomba msaada wa mbuzi wa maziwa. Mfadhili anataka hakikisho kwamba memba 20 wako kwenye matibabu. Je, ni lazima apewe majina 20? Kliniki inaweza kuandika barua: tumehakikisha, ni watu 20. Basi. Orodha ya majina ikisahaulika kwa duka la fotokopi, kesho mama mmoja atafukuzwa kwake na mtoto wake atachekwa shuleni. Mbuzi hawawezi kulipa hasara hiyo. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi inakataza kutangaza hali ya mtu bila idhini yake.

Tena kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Inasema habari za mtu zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu, na mwenyewe ana haki ya kuambiwa zitatumika vipi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Kwa hiyo mnyonge naye ana mahali pa kupeleka malalamiko.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, kikundi kiulize: Wanataka kujua jambo gani hasa? Je, barua au muhuri wa mtu anayeaminika unaweza kutosha? Karatasi hizi zitawekwa wapi na mpaka lini? Mkitoa nakala ya kitambulisho, andikeni juu yake tarehe na kazi yake. Na namba ya siri ya simu haipewi mtu yeyote, hata akisema anatoka ofisi kuu.

Tahadhari moja. Somo hili lisiwe kisingizio cha mweka hazina kuficha vitabu. Pesa za kikundi si siri yake, ni mali ya memba, na memba wana haki ya kuona kila shilingi. Siri inayolindwa ni ile ya mtu mwenyewe: mwili wake, afya yake, nyumba yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Mwaka huu tumetoa nakala za vitambulisho wapi? Ziko kwa nani sasa?
2. Rejista yetu ina habari gani ambazo kikundi hakizihitaji? Tuziondoe vipi?
3. Memba akiomba mkopo, tunahitaji kujua nini juu yake, na nini si kazi yetu kujua?
4. Ni nani kijijini ambaye neno lake likiandikwa linatosha, hata bila majina?

Fanyeni mchezo wa vifuniko kwanza, ndipo mjadili. Mtaona maneno yatatoka yenyewe.

Mungu abariki kazi za mikono yenu.