MWEZI: KALENDA YETU NA UMRI WA SIKU



Ndugu wanafunzi na wazazi, jina la Wanyamwezi wengi hulifasiri kuwa watu wa upande wa mwezi. Inasemwa watu wa pwani waliwaita hivyo kwa kuwa walitokea magharibi, na mwezi mwandamo huonekana magharibi baada ya jua kutua.

Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba. Mwezi uliandama mara nne hivi wakiwa njiani. Wafanyabiashara Waislamu waliowapokea hapa walihesabu funga na hija zao kwa mwezi huo huo. Katika Sura Yunus, aya ya 5, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa mwezi umewekewa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu.

Lakini mwezi una kazi nyingine ambayo sisi wa bara hatuioni. Kule Bagamoyo, misafara ilikoanzia, bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na bamvua huja wakati wa mwezi mchanga na mwezi mpevu. Mwezi huyavuta maji. Maji hayo yakisuguana na ardhi huipunguzia mwendo wake wa kuzunguka, kidogo kidogo sana, na mwezi nao husogea mbali nasi kiasi cha sentimeta 3.8 kila mwaka. Kipimo hiki kimepatikana kwa mwanga unaorushwa kwenye vioo ambavyo wanaanga walianza kuviacha huko mwaka 1969.

Basi zamani siku ilikuwa fupi. Matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe yana mistari ya ukuaji wa kila siku, na walioihesabu wamekuta kwamba miaka milioni 400 hivi iliyopita mwaka mmoja ulikuwa na siku kama 400. Gawanya saa 8,760 kwa 400: siku yao ilikuwa chini kidogo ya saa 22!

Ama asili ya mwezi, wanasayansi wengi wanaona ulitokana na gimba kubwa lililoigonga ardhi changa, yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita. Mawe yaliyoletwa kutoka mwezini kati ya 1969 na 1972 yanaunga mkono rai hiyo. Wapo wanafunzi wanaouliza kama kuyasoma haya ni kuiacha dini. Hapana. Kuchunguza kiumbe si kumkana Muumba. Ila nawaonya na wale wanaoibandika kila nadharia kwenye aya: nadharia ikibadilika kesho, utaifanyaje aya? Kila kimoja kisomwe mahali pake.

Zoezi la nyumbani: tangu msafara ule ufike Kazeh mwaka 1857, mwezi umesogea meta ngapi? (Jibu linazidi 6.) Wazazi wasaidieni kuzidisha, na jioni ya mwezi mwandamo tokeni nao nje, mtazame magharibi.