SOMO LA MWEZI: MJANE ALITOA KATIKA NINI?
(Luka 20:45 hadi 21:6)



Katika ibada ya mavuno, katika mtaa mmoja wa upande wetu huu wa Tarime, mama mmoja mjane alileta mbele bakuli la ulezi. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiandika matoleo aliinua kalamu, kisha akasita. Jina la mama yule lilikuwamo pia katika orodha nyingine, ile ya watu wanaopaswa kusaidiwa na kanisa. Je, aandike kwamba ametoa, au amrudishie ulezi wake? Baada ya ibada wazee walibishana. Mmoja alisema, "Sisi sote hapa ni maskini. Tukianza kuwarudishia maskini, nani atatoa?" Wengine wakacheka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu neno lile "sote ni maskini" lilinikaa moyoni. Hebu tulichunguze.

Wale wanaosoma Kiingereza watakumbuka kwamba katika Biblia yao ya zamani, ile ya Mfalme James ya mwaka 1611, mjane wa Luka 21:4 anasemwa kuwa alitoa katika "penury" yake. Neno hili limetoka katika Kilatini, penuria, maana yake upungufu, kukosa kile kinachohitajiwa. Katika Biblia ile limo mara mbili tu: hapa, na katika Mithali 14:23. Leo Waingereza wenyewe hawalisemi sana, na watafsiri wao wamekwisha kuliacha. Agano Jipya la Kiingereza lililosahihishwa mwaka 1881 liliweka mahali pake neno jingine la kawaida zaidi. Lakini watafsiri wa 1611 walikuwa na sababu. Mstari wa 2 na wa 3 walimwita mama huyu maskini kwa neno la kila siku. Walipofika mstari wa 4 wakabadili, kwa kuwa Luka mwenyewe alibadili.

Tazama ajabu hii. Katika Kiyunani Luka anatumia maneno matatu katika mistari mitatu. Mstari wa 2 anamwita mjane "penikhra", neno lisilopatikana mahali pengine katika Agano Jipya. Linahusiana na neno la kutaabika kwa kazi: ni mtu anayeishi kwa jasho lake, akila leo alichokipata leo. Mstari wa 3, Bwana Yesu anapomtaja, neno ni "ptokhe". Hili ni zito zaidi. Asili yake ni kujikunyata, kama aketivyo mwombaji. Ndilo neno la Lazaro mlangoni pa tajiri, na ndilo neno la heri ya kwanza katika Luka 6:20. Mstari wa 4 neno ni "husterema", yaani upungufu. Mtume Paulo analitumia katika 2 Wakorintho 8:14, na pale Biblia yetu inasema vema, upungufu. Lakini katika Luka 21 Biblia yetu ya Union inatumia maskini na umaskini tu, mwanzo hadi mwisho. Siwalaumu watafsiri. Neno maskini ni pana kama mwavuli, linafunika wengi. Ila chini ya mwavuli mpana huwezi kuona nani amelowa.

Na kumbe Kiswahili hakina uhaba wa maneno! Maskini lilitujia kutoka Kiarabu, nalo ni la zamani mno. Waebrania walikuwa nalo, "misken", utalikuta katika Mhubiri 9:15 juu ya mtu maskini mwenye hekima aliyeuokoa mji na asikumbukwe. Hata sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zina jamaa ya neno hilo hilo. Fukara nalo ni la Kiarabu, na huko ni wingi: mmoja ni fakiri. Sisi tulilichukua tukalifanya la mtu mmoja, tukasema mafukara. Ndugu zetu Waislamu wanayataja makundi haya mawili, mafukara na maskini, mbalimbali katika orodha ya wanaostahili kupewa zaka, na wanazuoni wao wamebishana kwa karne nyingi ni yupi aliye katika hali mbaya zaidi. Wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi huku pwani ya Afrika Mashariki, husema ni fukara. Nadhani si ajabu basi kwamba hata kwetu neno fukara linauma kuliko maskini.

Halafu kuna mkata, na hali yake ni ukata. Leo tunasema ukata hata mwalimu akingoja mshahara. Kuna hohehahe, asiye na mbele wala nyuma. Kuna "pangu pakavu tia mchuzi", mzaha wa mtu asiyekuwa na hata kitoweo. Kuna kabwela, ambaye si lazima awe na njaa. Ni mtu wa chini tu, asiye na cheo. Na kuna mhitaji, neno tunalolipenda sana kanisani kwa sababu halimwaibishi mtu.

Basi yule mzee aliposema sote ni maskini alisema kweli na hakusema kweli. Mwenye ng'ombe wawili ni maskini mbele ya mwenye hamsini. Katika nchi hii yetu mtu huhesabiwa hivyo tangu zamani. Aliyekosa mvua msimu mmoja ni mkata mpaka mavuno mengine. Lakini mama asiye na ng'ombe, ambaye shamba la marehemu mumewe linalimwa na shemeji, huyo hayumo katika hesabu ya "sote".

Sasa tupime sadaka yenyewe. Marko 12:42 anatueleza kwamba vile visarafu viwili vilifanya kodrante moja. Kodrante 64 zilifanya dinari moja, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku, kama tusomavyo katika Mathayo 20. Tuseme kibarua wa palizi analipwa shilingi 6,400 kwa siku. Basi mjane alitia shilingi 100. Sarafu moja, ambayo ikianguka sokoni Mugumu si kila mtu atainama kuiokota. Nayo ilikuwa riziki yake yote.

Hapa naomba tusome kwa uangalifu, maana somo hili tumelizoea siku za michango. Twasimama mbele ya watu na kusema, "Mwigeni mjane." Lakini rudi nyuma mistari miwili tu, Luka 20:47. Bwana Yesu alikuwa ametoka kuwaonya wanafunzi juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mara anainua macho, na tazama, mjane huyo hapo. Je, nyumba yake ilikwenda wapi? Na mara baada ya sadaka yake, mstari wa 6, Bwana anasema kwamba hekalu lile litabomolewa. Yesu anasema ametoa kuliko wote. Hasemi kwamba ilikuwa sawa abaki hana kitu.

Kwa habari ya nyumba za wajane, ijulikane pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikubali desturi inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Umoja wa Akina Mama wangefanya vema kuisoma pamoja.

Mama yule wa ulezi alipoulizwa baadaye kama arudishiwe bakuli lake, alikataa, akauliza, "Kwani mimi si mkristo?" Ulezi ukaandikwa. Jina lake halikufutwa katika ile orodha nyingine, na juma lililofuata wazee wawili walikwenda kwa shemeji yake kuuliza habari za shamba.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

Katika kilugha chenu, mtu asiye na mifugo anaitwaje, na asiye na ndugu anaitwaje? Je, ni neno moja?

Katika mtaa wenu, nani anaandika orodha ya wahitaji, na ni lini mara ya mwisho alizitembelea nyumba zao?