Makavazi Kama Darasa la Sayansi: Mafunzo Yanayowasubiri Wanafunzi Gede

Ziara ya shule katika magofu ya Gede mara nyingi huwa hivi: wanafunzi hushuka kwenye basi, humfuata mwelekezi kutoka msikitini hadi kwenye kasri, hupiga picha, hula mkate na soda chini ya mti, kisha hurudi nyumbani. Kesho yake mwalimu wa Sayansi huendelea na somo pale alipokuwa ameachia, na Gede husahaulika. Mzazi aliyejinyima ili alipe nauli hubaki akijiuliza mtoto wake alipata nini.

Ziara huwa somo pale mwalimu na mtaalamu wa makavazi wanapokaa pamoja kabla ya basi kuondoka, wakakubaliana ni swali gani wanafunzi wataenda kulitafutia jibu. Jambo hili ni muhimu hasa kwa shule za umma. Gredi ya 7 ilipoanza mwaka wa 2023, shule nyingi za sekondari ya msingi zilifunguliwa ndani ya shule za msingi ambazo hazikuwahi kuwa na maabara. Wakati huo huo, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yanasimamia vituo kadhaa katika Kaunti ya Kilifi, vikiwemo Gede, Malindi, Mnarani na Jumba la Mtwana. Mbali na historia, vituo hivi vina vifaa vya kufundishia sayansi ambavyo havipatikani katika duka lolote la vitabu.

Ifuatayo ni mifano minne ya masomo kutoka Gede, mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka wa 2024.

1. Jiwe na chokaa

Kuta za Gede zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Matumbawe yakichomwa kwa moto mkali hutoa gesi ya kaboni dioksaidi na kubaki chokaa. Chokaa hiyo ikichanganywa na maji na mchanga hushikanisha mawe, kisha polepole huvuta tena kaboni dioksaidi kutoka hewani na kuwa ngumu kama jiwe.

Wanafunzi wanaweza kulithibitisha hili darasani. Wachukue kipande cha tofali la matumbawe kilichobaki mahali pa ujenzi, wakisage, kisha wadondoshee siki au maji ya limau. Mapovu yatakayotokea ni kaboni dioksaidi ile ile. Jiwe la magofu lisiguswe kamwe, kwa kuwa linalindwa na sheria.

2. Kisima

Watafiti walipochimba Gede walipata dalili kwamba kisima kilichoko karibu na Msikiti Mkuu kiliongezwa kina. Mojawapo ya maelezo yanayotolewa kuhusu sababu ya mji huo kuhamwa katika karne ya 17 ni kwamba maji ya ardhini yalishuka. Wapo wanaotaja vita na mashambulizi. Hapa mwanafunzi hujifunza jambo kubwa katika sayansi: ushahidi mmoja unaweza kuwa na maelezo zaidi ya moja, na kila maelezo sharti yapimwe.

Somo hili linagusa maisha ya leo. Karibu na bahari, maji baridi ya ardhini hukaa juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda na kisima huharibika. Kwa usimamizi wa mtu mzima, wanafunzi wanaweza kupima kina cha maji katika kisima cha kijiji kwa kamba iliyotiwa alama, mara moja kila mwezi, wakalinganisha majira ya kiangazi na ya mvua.

3. Kaburi lenye tarehe

Mojawapo ya makaburi ya Gede lina maandishi ya mwaka wa 802 Hijria. Je, huo ni mwaka gani katika kalenda ya kawaida? Mwaka wa Hijria hufuata mwezi na una siku 354 hivi, na hesabu yake inaanzia mwaka wa 622. Mwanafunzi azidishe 802 kwa 354, apate siku 283,908. Agawanye kwa 365, apate miaka karibu 778. Akijumlisha na 622 atafika karibu na 1400. Wataalamu wanautaja mwaka wa 1399. Tofauti hiyo ndogo nayo ni somo, kwa kuwa inaonyesha kwamba hesabu hii ni ya kukadiria tu.

4. Kipepeo

Katika eneo hilo hilo la Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka wa 1993. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa, ambazo husafirishwa hadi kwenye maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Hapa mwanafunzi huona kwa macho yake hatua zote nne: yai, kiwavi, pupa na kipepeo. Ahesabu siku za kila hatua na achore jedwali. Zaidi ya hayo, ataelewa kwa nini msitu una thamani ukiwa umesimama. Viwavi wa aina nyingi hula majani ya mimea michache tu. Mmea huo ukikatwa, kipepeo hutoweka, na mapato ya mkulima hutoweka pamoja naye.

Wengine wamefanyaje?

Katika jiji la New York, Marekani, mpango uitwao Urban Advantage ulianza mwaka wa 2004 chini ya uongozi wa American Museum of Natural History, ukishirikisha pia bustani za mimea na za wanyama. Mpango huo huwapa walimu wa sayansi wa shule za umma mafunzo katika taasisi hizo. Wanafunzi hufanya uchunguzi wao wenyewe, na shule pamoja na familia hupata nafasi ya kuingia bila malipo. Kilifi haina fedha za New York, lakini utaratibu wa kumtayarisha mwalimu kwanza hauhitaji utajiri.

Nani afanye nini?

Katiba ya 2010 imegawa majukumu haya. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya Serikali ya Kitaifa, na vivyo hivyo turathi zenye umuhimu wa kitaifa kama Gede. Kaunti zinasimamia elimu ya chekechea, vyuo vya kiufundi vya vijijini, maktaba na makavazi ya kaunti. Kwa hivyo hakuna mlango mmoja wa kubisha. Hata hivyo, hatua nyingi zinaweza kuanzia shuleni:

• Mwalimu mkuu aandikie kituo cha makavazi kilicho karibu, akitaja gredi, mada na idadi ya wanafunzi.

• Mwalimu wa Sayansi atembelee kituo kabla ya wanafunzi, na aandae swali moja au mawili pamoja na mtaalamu wa pale.

• Kila mwanafunzi aende na daftari, penseli na rula, na kila kundi liwe na kazi yake.

• Baada ya wiki moja, wanafunzi wawaeleze wazazi walichopata, katika mkutano wa shule.

• Bodi ya Usimamizi ihakikishe hakuna mtoto anayeachwa kwa kukosa nauli. Shule jirani zinaweza kuchangia basi moja. Ikishindikana, mtaalamu aombwe kuja shuleni na vielelezo, maana mtu mmoja kwenye matatu hugharimu kidogo kuliko darasa zima.

Wakazi nao wana nafasi yao. Kila mwaka, kufikia Septemba 1, Kaunti huwasilisha katika Bunge la Kaunti Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unaofuata. Vikao vya kukusanya maoni ya umma vinapoitishwa, mzazi anaweza kusimama na kuuliza ni nini kimetengewa makavazi na maktaba za Kaunti. Swali hilo likiulizwa katika wadi nyingi, litaandikwa.

Gede iko umbali wa safari fupi kutoka Malindi na Watamu. Kuna watoto wanaopita kando ya lango lake kila siku wakienda shuleni, na hawajawahi kuingia wakiwa na rula mkononi.