Usiiuze Baiskeli Yako Bado, Mdogo Wangu

Najua kilichokupata. Rafiki yako alikuachia baiskeli yake ya mbio uizungushe kidogo, ukakanyaga mara mbili tatu, ukaona inapaa. Sasa ya kwako huitaki hata kuitazama, na umeanza kuulizia fremu ya kaboni kwa mkopo. Kaa chini kwanza. Wivu huo huwapata wengi, wala sikucheki. Ila usiache mbachao kwa msala upitao.

Hebu niambie, lini mara ya mwisho ulijaza upepo? Umenyamaza, eeh? Tairi nyembamba hupungua upepo taratibu hata zisipotoboka. Iliyolegea hujikunja kila inapogusa lami, na kule kujikunja kunakula nguvu za miguu yako. Pengine mwenzio alijaza asubuhi ile ile. Pengine tairi zake ni laini, zinajipinda bila kugoma, na wewe umefunga zile nene ngumu ulizoambiwa hazitoboki. Kama una hela inayokuwasha mfukoni, ianzie hapo kwenye tairi.

Lakini usinisikie nusu ukaenda kujaza mpaka zigome kubonyea. Kwenye lami yenye viraka, tairi ngumu mno inakurusharusha, nawe kwa kutetemeka unadhani unakimbia. Mikono na makalio vinakudanganya. Hata waendeshaji wa kulipwa, ambao zamani walikuwa na tairi za milimita 23, siku hizi wengi wamehamia 28 au zaidi, na upepo wamepunguza.

Halafu kuna hewa iliyo mbele yako. Kwenye tambarare, ukishafika kilomita 25 kwa saa au zaidi, hiyo ndiyo inayokushika shati, na inashika mwili wako kuliko baiskeli. Kuikabili hewa kwa mwendo maradufu kunataka nguvu mara nane, mdogo wangu, mara nane! Basi baiskeli yenye usukani wa chini ilikuinamisha, ukapenya kirahisi, sifa ukaipa fremu. Usikimbilie kushusha usukani wako leo, utaamka na mgongo wa bibi. Kunja viwiko kwanza, uzoee pole pole.

Kiti nacho nakijua, umekiweka chini ili miguu ifike ardhini. Goti linalokunjwa mno halina nguvu, na baadaye litakuuma usijue kwa nini. Egemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Ukikanyaga kwa mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa.

Na mlima je? Hapo wengi wenu mnajilaumu bure kwamba hamna pumzi. Hesabu meno. Baiskeli nyingi za mbio za zamani, hizi za mtumba, gia ndogo ya mbele ina meno 39 na kubwa ya nyuma 25. Ya mwenzio huenda ni 34 kwa 32. Kwa kila mzunguko wa pedali, wewe unajisukuma karibu mara moja na nusu ya umbali wake, kwa hiyo lazima miguu ilie. Fundi anaweza kukubadilishia gia za nyuma, ila muulize kwanza kama kibadilishio chako kitazimudu. Uzito unaousikia kila mahali ni kweli una kazi mlimani, lakini ukiwa na kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 9, kupunguza kilo 1 kunakupa nafuu ya asilimia moja na ushei. Kwenye tambarare hutaiona kabisa.

Mnyororo huo mkavu unaolia kama panya sitausema, una aibu yake. Ufute, utie mafuta kidogo, ufute tena. Inua gurudumu ulizungushe, uone kama breki hailigusi.

Ukimaliza yote hayo, azima tena ya rafiki yako. Chagua barabara moja, nenda na kurudi kwa kila baiskeli siku isiyo na upepo, upime kwa saa badala ya moyo. Kama bado yake inakuacha mbali, njoo tuzungumze bei. Na siku ya kununua, mwambie muuzaji akupimie ukubwa wa fremu kabla hujauliza ipo ya rangi gani.