Somo: Kuichagulia Kompyuta ya Kikundi Kinga ya Virusi



Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vina kompyuta. Vingine vilichanga pesa vikanunua iliyotumika, vingine vilipewa na wafadhili. Ndani yake mna majina ya wanachama, nambari za vitambulisho, hesabu za akiba na orodha ya wenye mikopo. Kompyuta ikiharibika, tunaweza kuchanga tena. Lakini orodha ya mikopo ikipotea, kila mtu atakuja mkutanoni na hesabu yake kichwani, na hapo ndipo vikundi huvunjika. Kwa hivyo somo la mara hii ni kuchagua kinga ya kulinda hayo yote.

VIRUSI NI NINI?

Virusi vya kompyuta si wadudu, wala haviambukizi watu. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu, mara nyingi kwa nia mbaya, ili yajinakili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Si jambo geni. Mwaka 1986 ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistan, waliandika virusi vilivyoitwa Brain, ambavyo vilisafiri kwa diski.

Leo flashi ndiyo imechukua nafasi ya diski. Katibu anaipeleka saiba kuchapisha barua. Akirudi na kuichomeka, anakuta folda zake zimegeuka kuwa alama zenye kamshale kadogo. Wengi mmeyaona hayo. Mara nyingi folda zenyewe hazijafutika, zimefichwa tu. Lakini akibonyeza ile alama ya mshale, basi amevifungulia virusi mlango wa kompyuta ya kikundi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kuna vingine vinavyofunga faili zote na kudai malipo ndipo zifunguliwe. Mwezi wa Mei 2017 virusi vya namna hii, WannaCry, vilienea katika nchi zaidi ya 150. Huko Uingereza hospitali nyingi zililazimika kuahirisha matibabu. Lakini Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuziba tundu hilo tangu Machi 2017, miezi miwili kabla. Wengi wa walioumia ni wale ambao hawakuwa wamesasisha kompyuta zao. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KINGA HUFANYAJE KAZI?

Programu ya kuzuia virusi, ambayo mafundi huiita antivairasi, ni kama mlinzi wa ghala. Ana orodha ya wezi wanaojulikana, na kila faili inayoingia anailinganisha na orodha hiyo. Pia anaangalia mwenendo: programu ikianza kubadilisha faili nyingi kwa haraka, anaishuku. Lakini mlinzi mwenye orodha ya mwaka juzi atampisha mwizi wa leo huku akimsalimu. Maanake kinga isiyosasishwa ni jina tu.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KULIPA

1. Angalieni kwanza mlicho nacho. Windows 10 na Windows 11 huja na kinga yake ndani, iitwayo Microsoft Defender. Hailipiwi, na hufanya kazi yenyewe ikiwa hakuna nyingine iliyowekwa. Kwa vikundi vingi vya kwetu hiyo inatosha, mradi isasishwe. Kwa hivyo mtu akiwaambia ati kompyuta yenu haina kinga kabisa, mwambieni awaonyeshe.

2. Ulizeni umri wa Windows yenyewe. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuweka kinga ya bei juu ya Windows iliyoachwa ni kutia kufuli mpya kwenye mlango uliooza. Muulizeni fundi kama kompyuta yenu inaweza kupokea Windows 11. Ikiwa haiwezi, anaweza kuwawekea Linux, ambayo hailipiwi. La sivyo, ile pesa ya antivairasi wekeni akiba ya kompyuta nyingine.

3. Moja, si mbili. Wengine hudhani wakiweka kinga mbili watalindwa maradufu. Sivyo. Kila moja humshuku mwenzake, na kompyuta inakuwa nzito kama mkokoteni matopeni. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

4. Ya bure ichunguzeni, na ya kulipia pia. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani iliiamuru kampuni ya Avast, inayojulikana sana kwa kinga yake ya bure, ilipe dola milioni 16.5. Tume iliishtaki kwamba iliuza habari za tovuti ambazo watu walikuwa wakizitembelea. Kwa zile za kulipia, kumbukeni kwamba malipo ni ya kila mwaka. Ulizeni: mwaka wa pili ni pesa ngapi? Maana mara nyingi bei ya mwaka wa kwanza huwa imepunguzwa ili kuwavuta.

5. Msikubali ya wizi. Kijana wa mtaani atawaambia, "Wacha niwawekee ile ya kulipia, kwa bei ya soda tu." Programu iliyovunjwa kufuli ni njia moja kubwa ya kuleta virusi vyenyewe. Tena fundi wa namna hiyo huanza kwa kuizima kinga mliyokuwa nayo. Rahisi ni ghali.

6. Msichague kwa maneno ya muuzaji. Kuna wapimaji kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Wao hujaribu kinga za kampuni mbalimbali na kutoa matokeo kwenye intaneti bila malipo. Watumeni vijana wa kikundi wayasome.

7. Jihadharini na kengele za uongo. Mtu akiwa kwenye intaneti, maandishi mekundu yanatokea ghafula: "Kompyuta yako ina virusi! Lipa hapa!" Msilipe, msipige nambari iliyoandikwa hapo. Fungeni ukurasa huo, halafu mtumie kinga yenu wenyewe kuikagua kompyuta.

KINGA PEKE YAKE HAITOSHI

Hakuna mlinzi asiyeweza kusinzia. Ndiyo maana ulinzi mkubwa wa kikundi ni nakala. Kila baada ya mkutano, mwekahazina anakili hesabu kwenye flashi ambayo haiendi saiba wala haichezeshwi nyimbo. Akimaliza aichomoe, maana virusi vinavyofunga faili hufunga hata zilizo kwenye flashi iliyochomekwa. Nakala ya pili ikae nyumbani kwa mwanachama mwingine. Mara moja kwa mwezi ifungueni, mhakikishe inasomeka. Na kile kitabu cha karatasi msikitupe.

Ya kusafiri iwe flashi nyingine, na ikirudi ikaguliwe na kinga kabla ya kufunguliwa. Tengeni pia bando kidogo kila wiki kwa ajili ya kusasisha kinga na Windows. Iandikeni kwenye bajeti kama mnavyoandika nauli. Kumbukeni pia kwamba tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu binafsi. Nambari za vitambulisho tulizoandika si mali ya katibu, tumewekeza kwetu amana ya wenzetu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kompyuta yetu ina Windows gani, na kinga yake ilisasishwa lini?
2. Ni nani anayeruhusiwa kuchomeka flashi? Tukimkataza mtoto wa mwenyekiti, je, tutaweza kusimama na neno hilo?
3. Kompyuta ikizima kabisa leo jioni, tutajuaje kesho asubuhi nani anadaiwa na ni kiasi gani?

Swali la tatu lijibuni kwa kulijaribu. Izimeni kompyuta, toeni nakala na kitabu, msome hesabu mbele ya wanachama wote. Zikilingana, kikundi kiko salama. Zisipolingana, msiende kununua antivairasi kwanza. Ketini mzilinganishe.