Jinsi Makaa ya Mawe Yanavyogeuzwa Gesi

Kila mchoma makaa wa Nuu anajua ya kuwa kuni zikifukiwa udongoni na kuunguzwa kwa hewa kidogo, moshi huondoka na makaa hubaki. Makaa ya mawe nayo ni vivyo hivyo: yakipashwa moto tanurini pasipo hewa, hutoa moshi na lami, na yanayobaki huwa mepesi, yenye vitundu. Mabaki hayo yaweza kugeuzwa gesi ya kuwasha moto. Habari hii si ya mbali, kwa kuwa makaa ya mawe yamepatikana katika Bonde la Mui, jirani na Nuu, na Serikali ya Kenya ililigawa bonde hilo katika vipande vinne vya utafutaji.

Njia hii iligunduliwa na Mjerumani, Bwana Fritz Winkler, mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1926 mtambo mkubwa wa namna hiyo ulianza kazi huko Leuna. Mabaki hupondwa yakawa punje ndogo, hutiwa katika tanuri refu lililosimama wima, na kutoka chini hupulizwa mvuke pamoja na hewa au oksijeni. Pumzi ikiwa dhaifu, hupenya kati ya punje nazo hazitikisiki. Ikizidi kiasi, huzipeperusha zote nje. Lakini ikiwa ya kadiri, punje huelea na kupinduka-pinduka kama uji unaotokota sufuriani. Mafundi huliita tabaka hilo kitanda, jina la ajabu kidogo, maana hakuna kinacholala humo.

Kwa kupinduka huko joto huenea sawasawa. Sehemu ya makaa huungua na kutoa joto. Sehemu nyingine huinyang'anya mvuke oksijeni yake, zikapatikana haidrojeni na kaboni monoksaidi, gesi mbili ziwakazo. Moto haukuzwi mno, kwa sababu majivu yakiyeyuka hushikamana mabonge, na kazi husimama.

Hiyo kaboni monoksaidi yafaa kuogopwa. Haina rangi wala harufu. Ndiyo iwauayo watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Mtamboni hutengenezwa kwa makusudi, tena kwa wingi, hivyo bomba lenye ufa si jambo la kungojea kesho.

Kisha kuna maji. Kwa hesabu ya kemia, kilo 12 za kaboni zikigeuzwa kwa mvuke pekee hula kilo 18 za maji, yaani karibu debe zima, mbali na maji ya kupoza mitambo na kusafisha gesi. Oksijeni huipunguza hesabu hiyo, lakini haiiondoi. Nchi ya Nuu ni kavu, na wakati wa kiangazi watu hufukua mchanga wa mito ili wapate maji yao na ya mifugo. Basi mtaalamu akija barazani kueleza mtambo wa namna hii, na aulizwe kwanza maji yatatoka mto gani, na mto huo ukikauka, yatatoka wapi.